Saini ya Bwana Rekta

Nilimchapia barua miaka kumi na tisa,
kwanza kule kadasta, Bukavu, chumba kisicho na dirisha.
Magavana walipita, saini yake ilibaki.
Bwana Mulumeoderhwa na kalamu yake ya wino mweusi,
na saini ndefu kama mkia wa ngedere:
inaanzia juu ya mstari, inateremka,
inapiga kona mbili, inakwenda kulala ubavuni mwa muhuri.
Wateja walisema, usipouona mkia, hati hiyo ya kughushi.

Alitia saini asubuhi, akatia saini jioni.
Viwanja vya Nyamugo, viwanja vya Funu,
kiwanja kilichosimama wima kama ngazi ya fundi paa,
kiwanja ambacho mbuzi mwenyewe angeomba kamba.
Akiulizwa, alicheka:
"Mlima ni wa serikali, mvua ni ya Mungu."
Nami nilichapa nakala tatu, nikapuliza wino.
Bahasha zilipita mezani kwangu. Moja moja ilipumzika.
Sisemi zaidi. Nina paa la bati.

Kisha redio, saa moja usiku,
kati ya tangazo la msiba na bei ya sambaza:
ameteuliwa rekta.
Wanafunzi waliimba getini kwamba mbuzi
amekabidhiwa funguo za shamba la kabichi.
Aliwasikiliza akiwa garini, kioo kimefungwa,
akaniuliza kabichi siku hizi ni bei gani.

Sitaki kumwonea. Alileta jenereta.
Alifuta majina arobaini ya walimu marehemu
ambao mishahara yao ilikuwa bado inatembea.
Maktaba ilipata kufuli
na, baada ya mwaka, vitabu.
Alijifunza kuvaa joho bila kukanyaga pindo.
Hakutaka tena kuitwa Mkubwa;
alitaka Profesa, nasi tulimpa kwa ncha ya ulimi.

Ndipo akaja Nsimire wa jiolojia,
binti wa muuza mkaa wa Buholo,
viatu vyake vina tope jekundu hata kiangazi.
Kazi yake ya mwisho: miteremko inayohama.
Miaka miwili alipima nyufa kwa kamba na misumari,
akachora ramani,
na kila kiwanja kilichoshuka na watu wake
alikiandika kwa namba, zile zile tulizozitoa sisi.
1147. 1152. 1160 mpaka 1163.
Nilizifahamu kama ulimi unavyofahamu pengo.

Nilimpelekea kitabu chake ofisini. Umeme ulikuwa umekatika.
Alikisoma kwa tochi ya simu mpaka simu ikazima,
akanyoosha mkono, bila neno, akaomba yangu.

Siku ya utetezi aliketi safu ya nyuma.
Jopo lilipomaliza, alinyoosha kidole kama mwanafunzi.
"Hati za viwanja hivi, nani alizitia saini?"
Nsimire hakutazama chini.
"Iko kiambatisho cha nne, Bwana Rekta.
Jina halisomeki. Lina mkia."

Ukumbi ulisahau kukohoa.
Nje ilianza mvua, ile ya Novemba isiyobisha hodi.
Alisema asante, akaketi,
akabaki ameketi hata viti vilipokuwa vikipangwa.

Jioni nilimpelekea vyeti ishirini na kimoja.
Ishirini alivipiga mkia, kama kawaida.
Cha Nsimire alikiweka peke yake,
akaifuta kalamu kwa leso,
akaandika jina lake lote, herufi baada ya herufi,
polepole, ulimi nje kidogo,
kama mtoto wa darasa la pili anayeogopa kutoka nje ya mstari.

Nilipuliza wino.
"Na wewe," akaniuliza, "siku hizi unakaa wapi?"
"Pale pale Funu, Mkubwa. Kiwanja ulichonipa."
"Namba ngapi?"
Mvua ilikuwa ikigonga dirisha, nikajifanya sikusikia.
Akauliza tena.
1164, nikasema.